Kuanzia Moja Hadi Saba

Swali la tisa katika fomu yao:
Unauhisi umbali gani kati ya utamaduni wako na wetu?
Zungushia namba. Moja ni karibu, saba ni mbali sana.

Mimi karani tu, chuoni hapa Wete,
kazi yangu mihuri na majalada ya ushirikiano.
Nimeshika kalamu tangu saa mbili.
Chai ya maziwa imefanya utando.

Moja, nilitaka kuandika, kwa ajili ya Solveig,
aliyekaa kwetu mihula miwili,
akajua kukuna nazi bila kufika kwenye kifuu,
na msiba ulipotufika akaja jamvini,
kimya, magoti yakimuuma,
hadi hitima ilipokwisha.

Saba, kwa ajili ya Dokta Makame,
aliyengoja viza miezi mitano.
Mada yake ya mwani ikasomwa ukumbini kwao
na mtu aliyelitamka jina lake
kama anayetema kokwa.

Ndipo nikaikumbuka barua ya Kisangani.

Ilikuja Machi. Kiswahili chake kipana,
chenye vumbi la njia ndefu,
maneno mengine ilinibidi niyasome mara mbili
kabla hayajanicheka.
Waliomba tubadilishane wanafunzi watatu.
Watatu tu.
Kamati ilikaa dakika kumi.
"Hawa si watu wa namna yetu," alisema mmoja.
Mwingine akaguna: "Kongo? Mbali huko."
Hakuna aliyefungua ramani.
Aliyepiga muhuri ni mimi.
Wino ulizidi, ukavuja
hadi kwenye jina la mkuu wao wa chuo.

Leo nimeifungua, atlasi ya mwanangu ya skuli,
gamba limechanika.
Kisangani: vidole vitatu.
Kwa kina Solveig: shibiri, na ushei.
Moroni, alikozaliwa bibi yangu mzaa mama,
kidole kimoja na nusu,
na haimo katika orodha yetu yoyote.

Feni imesimama. Umeme umekwenda tena.
Jasho limedondokea kwenye ile nne,
namba ya watu wasiotaka kugombana na mtu.

Nimelitoa jalada kabatini,
lilikuwa chini ya risiti za dizeli.
Nimelipangusa kwa pembe ya mtandio.
Swali la tisa bado jeupe.
Nasoma barua yao upya, tangu juu,
pale ambapo kamati haikufika:

Ndugu zetu wa pwani.