Kadi ya Tarehe Tisa Agosti

Shangazi Eduvigis aliniachia boksi la viatu.
Ndani yake kadi, mia tatu sitini na sita,
na ile ya ishirini na tisa Februari bado nyeupe,
kama sahani ya mgeni asiyekuja.

Miaka arobaini na mmoja gazeti la Puerto Almagre
lilimpa kona ya chini, ukurasa wa nne,
katikati ya bei ya makaa na tanzia:
*Siku Kama ya Leo*. Maneno sitini, hakuna nyongeza.

Naitoa ya kesho. Tisa Agosti.
Mvua inagonga bati. Mwandiko wake umeinama
kama watu wanaopanda mlima penye upepo.

1897. Treni ya kwanza yawasili, imechelewa saa sita.
Bendi ya zimamoto imekwenda kula;
imebaki ngoma kubwa, na kijana wa kuilinda,
naye anaipiga peke yake mpaka abiria wa mwisho ashuke.

1922. Kwa Barrientos, mwoka mikate,
wazaliwa mapacha watatu, wote wasichana.
Jina hana hata moja, anatazama bandarini,
anayasoma ubavuni mwa meli.
Ndiyo maana hesabu tulifundishwa na Bibi Rotterdam.

1936. Maji yaingia shimo namba tatu.
Hapa shangazi hakutunga sentensi. Aliandika majina,
kumi na tisa, na umri wa kila mmoja,
akavuka maneno sitini.
Mhariri alikata. Mwaka uliofuata akayarudisha.
Mhariri alikata. Akayarudisha.
Mhariri huyo sasa ni marehemu; majina yapo.

1975. Jumamosi, fainali ya Kombe la Pwani.
Dakika ya themanini na saba Nicanor Huenchumil
anafunga kwa mguu wa kushoto,
mguu ambao hadi siku ile
ulikuwa wa kumsaidia kusimama tu.
Kadi ina madoa ya chai mahali hapa.
Kila Agosti wasomaji walileta barua:
haukuwa mguu, lilikuwa goti.

Chini kabisa, kwa penseli,
hafifu hata nikaiinamisha kadi kwenye taa:
*Mtaa wa Chumvi, namba 12.
Saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Saturnino.*
Basi. Hakuna kitenzi.

Saturnino ni baba yangu.
Mimi nilikuwa tumboni, mwezi wa saba.
Nilikua nikijua gari halikuwa na namba,
nikijua kofia yake ilibaki kwenye msumari.
Saa sikuwahi kuambiwa.

Nachukua karatasi, nahesabu kama alivyotufundisha Bibi Rotterdam:
mchezo ulianza saa tisa na robo,
ongeza mapumziko, ongeza dakika themanini na saba.
Nahesabu tena.

Jirani aliapa hadi kufa kwamba hakusikia kitu,
ila shangwe ya bao. Nilimwita mwongo. Nilimwita mwoga.
Kumbe alisema kweli: redio katika kila dirisha,
mji mzima umefungua kinywa mara moja,
na humo ndani ya sauti ile mtu mmoja anamwita mkewe.
Kimya kingi kina mshindo, wamesema.
Siku ile mshindo ulibeba kimya.

Mhariri wa sasa ni kijana, mpole.
Ameomba kitu cha furaha,
hata siku ya kuzaliwa ya mwigizaji yeyote.

Nimempa treni. Nimempa mapacha.
Majina kumi na tisa nimeyabana, bila umri, shangazi unisamehe.
Yamebaki maneno manane, nami nimeandika:
*1975. Huenchumil alifunga, Saturnino Cárcamo alichukuliwa. Dakika ileile.*

Najua barua zitakuja.
Zitasema lilikuwa goti.