Miaka Mitatu Kasoro Siku Tisa

Ilianza na kimraba kimoja cha kijani
kwenye mlango wa kabati.
Nikaifuta skrini kwa mkono wa sweta.
Kikabaki.

Kazi yangu ni kuchora majiko ya watu wasiokuwepo:
masinki yasiyojua ukoko,
meko yasiyowahi kuunguza maziwa.
Kampuni moja ya Seinäjoki huyatia kwenye katalogi
na watu hununua ule usafi.
Kufikia usiku vimraba vilikuwa mia,
kama ukungu juu ya mkate,
halafu feni zikanguruma
na skrini ikawa nyeusi ti.

Nje, Oulu, nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri.
Hapo ndipo nilipojua
kwamba kadi ile ndiyo iliyonipashia chumba joto,
si bomba la dirishani ninalolilipia kila mwezi.

Dhamana: miaka mitatu.
Risiti niliikuta ndani ya kitabu cha mapishi,
wino umefifia.
Nikaisogeza kwenye taa, nikaiinamisha,
tarehe ikajitokeza shingo upande.
Nikahesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda.
Zilibaki siku tisa.

Fomu iliuliza: umeijaribu kwenye kompyuta nyingine?
Nilikuwa nimeijaribu. Niliibeba ndani ya soksi ya sufu
hadi kwa Hilkka wa ghorofa ya nne,
ambaye mwanawe ana mashine yenye taa kama arusi,
na huko nako vikaota vimraba.
"Inaambukiza?" mtoto akauliza,
akavuta kiti nyuma.

Kisha swali la kumi na moja:
je, kifaa kimewahi kufunguliwa?

Kuna skrubu moja nyuma yenye kistika cheupe,
kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga.
Kistika hicho kina tundu.
Tundu ni la Jarkko,
kiangazi kile kabla hajaondoka,
alipoketi sakafuni, bisibisi mdomoni,
akabadilisha gundi ya joto iliyokauka
akisema, sasa itapumua.
Na ikapumua, sikatai.
Ilipumua kuliko sisi.

Ningeweza kuandika hapana.
Ahadi ni deni, lakini mdaiwa naye
hutafuta pa kutokea,
na mimi nilikuwa nampelekea tundu kwa posta.
Niliandika ndiyo.
Niliandika: aliifungua mtu aliyejua anachofanya.
Nikafuta "aliyejua anachofanya".
Nikayarudisha maneno.

Ghala lao liko Uholanzi.
Imepokelewa. Inachunguzwa. Inachunguzwa.
Nilichora kwa kompyuta ya zamani,
kila picha ikichukua muda wa kuchemsha viazi,
nimevaa koti ndani ya nyumba.
Nilipiga simu mara moja. Kijana aitwaye Ilpo
alisema yeye pia analiona neno hilo moja tu,
na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua.

Jumanne ya tano, kabati la vifurushi la dukani
likanifungulia kimlango chake.
Hakuna barua. Hakuna lawama wala msamaha.
Kadi ndani ya mfuko wa rangi ya fedha,
namba nyingine, kistika kizima.
Nikaipindua chini ya taa:
kwenye feni ya pili, umejizungusha mhimilini,
unyoya mmoja wa paka, wa rangi ya chungwa.

Mimi sina paka.
Kipya kinyemi, wasemavyo;
hiki hakikuwa kipya.
Kilikuwa na nyumba, kikaugua, kikafungwa, kikatumwa,
na mtu fulani, Gdańsk au Porto,
akakaa na koti lake akisoma Inachunguzwa.
Labda kesho kutwa watampa ile yangu,
naye atajiuliza ni mkono wa nani
ulioikwaruza ile skrubu.

Nilichukua kibano cha nyusi,
nikakishika juu ya feni,
nikakiweka mezani.

Nikawasha.
Unyoya ukazunguka hadi usionekane.
Jiko la Seinäjoki likatokea, kabati zote nyeupe,
na baada ya nusu saa hivi
nikavua koti.