Ndoo ya Viazi

Mashine ya Tornike ilibangua hazeli
mia tatu kwa dakika, kiini kisipate hata mkwaruzo.
Aliileta darasani imefunikwa shuka
kama bibi harusi.
Wakapiga makofi. Nami nilipiga.
Kisha nikauliza swali ninalolipwa kuuliza:
"Nani atakayetoa pesa mfukoni?"

Kimya. Bomba la maji likagugumia ukutani.
Hawa ni watoto wa hesabu:
wape daraja, watakwambia litalia wapi upepo ukizidi,
ila bei wanaiona tusi,
na kuuza, kwao, ni kazi ya waliofeli fizikia.
Siwalaumu. Niliwahi kuunda pampu, nzuri mno,
hadi leo imelala chini ya ngazi kwa mama,
juu yake ndoo ya viazi.

Jumamosi tukatoka Kutaisi kwenda Zugdidi.
Kanuni moja tu: mashine ibaki.
Bebeni masikio.

Bi Tsiala alitupokea na matope magotini.
"Kubangua kunakuchosha, sivyo?" Tornike akaanza.
"Kubangua? Mwanangu, mnunuzi huzichukua na ganda lake."
Tornike akameza mate.
Ndipo Lile, ambaye sauti yake sikuwa naijua,
akauliza: "Basi nini kinakukosesha usingizi?"

Bi Tsiala akatazama juu.
Mvua. Kila mwaka, wiki ileile ya mavuno.
Akatupandisha ghorofani: hazeli sakafuni,
hazeli ukumbini, hazeli kitandani kwa mjukuu,
harufu ya ukungu,
na yeye usiku kucha akizigeuza kwa reki,
taratibu, kama anayemgeuza mgonjwa.

Njia nzima Tornike alibandika paji la uso kiooni.
Nilidhani nimempoteza.
Tulipoipita Samtredia akaniomba kalamu.
Mgongoni mwa tiketi akachora kreti, feni, bomba la jiko,
na pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwenye haya:
Atalipa ngapi?
Akakata. Akaandika: Tumuulize.

Sijui kama kitafaa kitu.
Feni ya kwanza imeungua, ya pili inalia kama paka,
na Lile amegombana na Tornike kuhusu bei.
Jumapili nilikwenda kwa mama,
nikaishusha ile ndoo, nikaifuta pampu vumbi.
Bado nzuri. Hakuna niliyewahi kumuuliza.
Mama akasema niirudishe ndoo juu;
viazi vikikaa sakafuni, vinaota.