Inatafuta Printa

Bi Leida Kuusk alikuja na laptopu ndani ya mfuko wa viazi,
theluji ya Novemba ikimyeyukia mabegani,
akaiweka kwenye kaunta kama mtu aliyemleta paka kwa daktari:
"Haili. Yaani, haiandiki. Kila dakika kumi inakata roho."

Mimi ni fundi. Duka langu liko Kuressaare, nyuma ya posta,
kwenye kisiwa ambacho baridi huingia hata tundu la chaja.
Nimezoea wateja wanaokiri nusu.
"Umeimwagia kahawa?"
"Hapana."
"Umeidondosha?"
"Hapana. Ila niliitukana."

Alikuwa anaandika kamusi ndogo ya maneno ya kwao:
jina la ukungu unaolala juu ya mireteni,
jina la mtu anayechelewa makusudi.
Ghafla dirisha linapauka,
kishale kinageuka kiduara, kinazunguka, kinazunguka,
kisha programu inamfungia mlango usoni,
bila hata samahani.

"Ni hii herufi õ," alisema. "Ndiyo mchawi."
Sisi wa kisiwani hatuitamki, ulimi wetu huiruka,
na watu wa bara hutucheka mpaka leo.
"Sasa hata mashine imekuwa ya kwetu."

Nikaanza pale tunapoanzia sote: kuizima, kuiwasha.
Nikasasisha kilichochakaa.
Nikafuta fonti saba, moja ya kadi za harusi.
Nikaifungua katika hali salama, bila viongezi,
nikaing'oa programu nzima, nikaipanda upya,
nikaandika õ mia mbili mfululizo,
õõõõõõ, kama mbwa mwitu.
Ikavumilia.
Ikaja kukata roho kwenye nafasi tupu.

Mgonjwa haujui ugonjwa, anajua panapouma.
Usiku nikasoma kumbukumbu za makosa,
mstari kwa mstari, saa na sekunde,
na kabla ya kila kifo palikuwa na swali lilelile dogo:
programu ikiiuliza printa upana wa karatasi.
Inauliza. Inangoja. Inauliza tena.
Anayeulizwa hayupo.
Jina lake katika orodha: ENDEL-CHUMBANI.

Nikapiga simu. Kimya, kisha kijiko kikigonga kikombe.
"Endel ndiye aliyeiunganisha. Alipofariki, Machi,
niliigawa kwa shule ya Orissaare.
Ilikuwa inakunywa wino mno."

Kesho yake alikaa upande wangu wa kaunta.
Nikamwonyesha: bofya hapa, halafu hapa.
Skrini ikauliza, kwa lugha kavu ya serikali:
Una uhakika unataka kuondoa ENDEL-CHUMBANI?

Kidole kilisimama juu ya kipanya.
Nje lilipita gari la kumwaga chumvi barabarani,
taa yake ya rangi ya chungwa ikaupaka ukuta,
ikaupaka tena.
"Ni lazima?"

Miaka kumi na tisa ya kazi hii. Najua kujibu ndiyo.
"Si lazima," nikasema. "Tunaweza kuiacha humo.
Tuiambie tu mashine isianzie kwake."
Nikaichagulia printa ya kubuni,
isiyo na wino wala trei, ya kujibu tu.

Jina likabaki palepale, la kijivu,
na chini yake neno moja: Haipatikani.

Akaandika. Dakika kumi. Ishirini.
Alipofika kwenye õ aliibonyeza kwa nguvu,
akaitamka kimakosa, kwa sauti, kama bibi yake.
Dakika arobaini. Kahawa yangu ilipoa nikiitazama skrini,
nikiwa nimeshika bisibisi ambayo sikuihitaji.

Nikataja nusu ya bei. Akalipa yote kwa sarafu,
akairudisha laptopu katika mfuko wa viazi,
na mlangoni akageuka:
"Hiyo ya kuhifadhi. Inabonyezwa mara ngapi?"
"Mara moja inatosha."
"Basi. Mimi nimebonyeza sita."