Swali Moja Pungufu

Saa tano usiku, Brno. Tramu ya mwisho imeshapita
na theluji ya Februari inafuta reli nyuma yake.
Vendula anasoma tena mistari kumi na minne
ya mtu aliyekwisha kustaafu,
pale kiini cha mfumo kinaporudisha ukurasa ghalani.

Kila ukurasa, kabla haujapokewa, huulizwa:
U mkubwa wewe, au mdogo?
Hatua tatu mbele, kwenye mlango wa pili:
U mkubwa wewe, au mdogo?
Kama karani aliyesahau kwamba ameshakuuliza jina.

Swali halizidi nanosekunde mbili.
Kwa muda huo mwanga wenyewe haujamaliza kuvuka meza yake.
Lakini huulizwa mara milioni tisa kwa sekunde
katika kila seva, na seva ni nyingi kuliko watu wa Brno.

Wanasema haba na haba hujaza kibaba.
Chake ni kibaba cha kupunguza:
anatoa punje, punje, kibaki chepesi.

Mama yake, Květa, alifuma sufu miaka thelathini
katika kiwanda ambacho leo ni maduka.
Siku moja alihamisha mkasi kutoka kulia kwenda kushoto,
akaokoa mkunjo mmoja wa kiwiko
kwa kila uzi uliokatika.
Msimamizi hakuona. Kiwiko kiliona.
Cha Zdenka, wa mtambo wa pili, leo hakinyooki.

Vendula anafuta swali la pili. Anapima.
Anapima mara ishirini, maana kipimo kimoja ni uvumi.

Kasi imepungua.

Anatukana kwa Kicheki, taratibu, mtoto asiamke.
Anachemsha chai, anaisahau.
Saa nane kasoro robo ndipo anapoona:
swali la pili lilikuwa likigusa kumbukumbu ya jirani,
likiiamsha kabla haijahitajika,
kama mgeni apigaye hodi angali njiani
akakuta maji yamekwisha bandikwa.

Basi kumbe la kupuuzwa ni la kwanza.
Analifuta, analipandisha la pili mahali pake,
hodi isikike mapema zaidi.
Anapima. Mara ishirini.
Asilimia sifuri nukta tatu.

Anaandika sentensi mbili na jedwali, anatuma,
anazima taa.
Kisha, gizani, anatoa buti za mtoto nyuma ya kabati
na kuziweka mlangoni,
vidole vikitazama nje.