Kiwiko

Msanifu aliichora nyumba hii kwa rula moja na ukali mwingi:
paa bapa, zege tupu, ukuta mzima wa kioo
ili hori la Hardanger liingie sebuleni bila hodi.
Mapazia aliyakataza. Imo kwenye hati ya mauzo,
aya ya tisa, kama sharti la mahari.

Tuliinunua Februari, theluji ikigusa vioo.
Halvard akasema, tubadilishe ndani tu.
Ndani tu! Mwezi wa nne huu
tunagombana juu ya rangi nyeupe:
nyeupe ya maziwa, ya mfupa, ya ganda la yai.
Vibao tumevipanga sakafuni,
na maji ya nje, kila wingu likipita,
yanavigeuza vyote kijivu.

Zulia la rangi ya chungwa limekwenda.
Makabati yaliyovimba kwa unyevu yamekwenda.
Ikabaki kaunta ya jikoni, fupi ajabu.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
lakini mimi nilitaka kuosha vikombe,
na mgongo ukalipia kila kijiko.
Nilimsema marehemu kwa sauti, peke yangu:
Bwana mkubwa, ulipima milima ukasahau watu.

Jumanne fundi Torgeir aling'oa sinki.
Akanyamaza. Torgeir hanyamazi.
Nyuma ya ubao wa msonobari, kwa penseli,
kwa mwandiko ule ule wa ramani zilizotundikwa makumbusho:
Borghild, bila viatu.
Mstari mmoja, umefutwa nusu: kiwiko.
Chini yake, vidole viwili hivi, mstari wa pili
uliokandamizwa hadi ubao ukaingia ndani:
kiwiko, akiwa amechoka.

Nikainama mara ya mwisho, kwa kimo chake.
Dirisha lililokuwa likinionyesha anga na ukingo wa paa
likanionyesha gati, kamba, boti nyekundu ya jirani,
na mtu yeyote ambaye angekuwa anarudi.

Kaunta tumeiinua sentimita kumi na tatu.
Mgongo haujui historia.
Torgeir akauliza, ubao huu niutupe?
Urudishe, nikasema. Maandishi yatazame ndani, yalikokuwa.
Halafu nikavua viatu, nikasimama kando ya jina lake,
sakafu baridi kama samaki.
Halvard alikwisha kuishika penseli.
Ngoja, nikamwambia.
Ngoja kwanza nichoke.