Pau Nne, Akureyri

Kulia kwangu wananadi shupaza mbili,
kelele za mkono mwembamba, za kuziba njia.
Mimi nina kopa tano, pau sita, ree tatu.
Naruka: pau nne.

Agano tuliliandika nyuma ya risiti ya samaki,
mimi na Hallbera, theluji ikiparuza dirisha la klabu:
*ukiruka, una mbili, na zote nzito.*
Wino wake ulivuja kwenye "nzito".

Njall, mwenzangu wa wiki ya pili,
anaziona pau zangu ni pau tu.
Anapita.

Nacheza. Kopa zangu zinakatwa
moja baada ya moja.
"Ulikosea?" ananiuliza.

Nakoroga kahawa isiyo na sukari.
Sikukosea, mwanangu.
Nilikuwa nasema na mtu mwingine.